UZI: Buibui si mdudu, kupe naye si mdudu. Tuwasome arithropoda kuanzia kichwani, si miguuni

#1 Kipapasio

Wakuu, salaam. Kiswahili kina neno pana kupita kiasi: mdudu. Mende mdudu, buibui mdudu, jongoo mdudu, minyoo wadudu, vimelea vya taifodi wadudu, na kuna baa ukiagiza mdudu unaletewa kitimoto na ndizi za kukaanga. Barazani haina neno. Tabu huanzia duka la pembejeo, mkulima anaposema "nipe dawa ya wadudu" na kinachomnyonyea nyanya si mdudu. Anapewa dawa ya wadudu kweli, anapiga, na wiki mbili baadaye majani yamegeuka rangi ya shaba.

Kundi lote linaitwa arithropoda, yaani wenye miguu ya viungo. Spishi zilizokwisha kupewa majina ya kisayansi zinapita milioni 1, zaidi ya robo tatu ya wanyama wote wanaojulikana. Mbawakawa peke yao wanakaribia 400,000. Alama za kundi ni tatu na lazima zikutane: ganda gumu nje badala ya mifupa ndani, mwili wa pingili, na miguu yenye maungio. Mnyoo wa ardhini ana pingili lakini hana ganda wala miguu. Konokono ana nyumba ngumu lakini hana pingili. Wote wawili nje.

Sasa kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya ni kuhesabu miguu kwanza. Miguu hukatika, hufichwa, na wengine huzaliwa nayo pungufu. Anza kichwani, tafuta vipapasio, zile nyuzi za mbele ambazo mende huzichezesha gizani. Jozi 2 za vipapasio ni gegereka: kaa, kamba, kambakoche, uduvi. Jozi 1, tazama mwili: ukigawanyika kichwa, kidari na tumbo, na miguu 6 yote ikaota kidarini, huyo ndiye mdudu halisi, ukiwa mrefu wenye miguu mwili mzima, ni jongoo au tandu. Vipapasio hakuna kabisa, basi ni arakinida: buibui, nge, kupe, papasi, utitiri. Hawa hawana hata taya kama za panzi. Wana kelisera, jozi ya vibano au meno mbele ya mdomo, na buibui huchoma sumu kwa hizo kisha hunywa mlo wake uliokwisha yeyuka.

Mabawa je? Wadudu tu ndio wenye mabawa katika arithropoda wote. Ukiona bawa, umemaliza kazi. Ukikosa bawa hujamaliza, maana chawa, viroboto na mchwa wafanyakazi hawana.

#2 JoshoSafi

Mkuu Kipapasio umegusa penyewe. Kupe ndiye mfano mzuri wa hesabu ya miguu inavyodanganya. Hutoka kwenye yai akiwa na miguu 6. Vile vipunje vinavyokupanda suruali ukipita kwenye nyasi, kama pilipili manga iliyosagwa, ndio hao. Akishiba damu anaanguka, anajivua ganda, anaibuka na miguu 8. Hapo ni kupe kijana, bado hana tundu la uzazi. Anakula tena, anaanguka tena, anajivua tena, ndipo anakuwa mzima.

Kwa mfugaji hii si habari ya darasani. Kupe wa masikioni, yule wa kahawia anayeleta ndigana kali (ugonjwa wa ng'ombe), hupanda mnyama mara 3 maishani mwake, mara moja kwa kila hatua. Vimelea vya ndigana, *Theileria parva*, havipiti kutoka kwa kupe mama kwenda kwenye mayai. Kupe huvichota akiwa mchanga au kijana na huviingiza kwa ng'ombe katika hatua inayofuata. Tena havimwagiki papo kwa papo: kupe akishajichimbia, vimelea huhitaji siku 3 hadi 4 kukomaa kwenye tezi zake za mate. Jike mzima naye hunyonya kwa muda wa wiki moja hivi kabla hajaanguka kutaga maelfu ya mayai. Sasa mnaona josho la kila siku 7 limetoka wapi, na kwa nini penye ndigana kali sana watu huogesha mara 2 kwa wiki.

Kupe wa bluu ni habari nyingine. Yeye huvua maganda yote akiwa juu ya ng'ombe yuleyule, karibu wiki 3, kwa hiyo ratiba ikilegea kidogo bado unamkuta palepale.

Makosa ninayoyaona zaidi ni dozi na mahali pa kupiga. Amitrazi, dawa ya kuogeshea kupe, ya 12.5% ni mililita 2 kwa lita 1 ya maji. Ng'ombe mkubwa anahitaji lita 5 hadi 10 za mchanganyiko, si kumnyunyizia mgongoni kama unamwagilia mchicha. Ndani ya masikio, chini ya mkia, kinenani, katikati ya kwato. Kupe wa masikioni yuko ndani ya sikio, mgongoni hayupo. Dozi pungufu haiui, inachagua tu wale sugu wabaki wazaliane. Na amitrazi usimpigie farasi wala punda, inawasimamisha matumbo.

#3 NyanyaMbichi

Nije kwenye nyanya. Utitiri mwekundu ni arakinida, binamu wa kupe, ukubwa wake karibu nusu milimita. Dalili za kwanza ni vitone vyeupe au vya njano juu ya jani, kama limechomwa kwa ncha ya sindano, kila kitone ni chembe zilizofyonzwa. Baadaye jani huwa la shaba na utando mwembamba hufunga ncha za mche.

Namna ya kuhakikisha: chukua karatasi nyeupe, gonga jani juu yake mara 3 au 4, subiri sekunde 10. Vumbi linalotembea ndilo. Kanda kidole juu yake: mstari mwekundu au kijani maana yake walikuwa hai. Kioo cha kukuzia mara 10 kinatosha kuona miguu 8 na kukosekana kwa vipapasio.

Kwa nini dawa za wadudu za jamii ya pairethroidi huongeza tatizo? Zina nguvu ndogo kwa utitiri huyu, lakini zinawafagia utitiri wawindaji na mbawakawa wadogo wanaomla. Umemwondoa polisi, mwizi umemwacha. Ongeza joto: kwenye nyuzi 27 hadi 30 utitiri hutoka yai hadi mzima ndani ya siku 7 hadi 10. Kinachofanya kazi ni dawa iliyoandikwa wazi kwenye lebo kuwa ya utitiri, kama abamektini, ipigwe CHINI ya jani, jioni nyuki wakiwa wamerudi mzingani. Rudia baada ya siku 5 hadi 7, kwa sababu mayai mengi hayafi kwenye pigo la kwanza. Mzunguko unaofuata badili kundi la dawa. Salfa nayo inasaidia, ila joto likipita nyuzi 32 inaunguza majani.

#4 Kipapasio

Asante mkuu. Nakazia hapo pa karatasi nyeupe: vumbi likiruka ghafla si utitiri, mara nyingi ni kolembola, viumbe wadogo wa kwenye mboji wanaojirusha kwa mkia wa uma uliokunjwa chini ya tumbo, na hawana madhara kwa nyanya. Usiwapigie dawa.

Kuna aliyeniuliza pembeni kuhusu viwavi: "mbona kiwavi ana miguu hadi 16 na unasema ni mdudu?" Miguu halisi ni 6 tu, ile yenye viungo na kucha nyuma ya kichwa. Mingine ni mikono ya nyama iliyojaa maji, ina kulabu ndogo kwenye kanyagio, na viwavi wengi wana jozi 5 au pungufu. Kiwavijeshi vamizi mtambue kwa kichwa chenye alama ya Y iliyopinduliwa, na madoa 4 yaliyokaa mraba kwenye pingili ya pili kutoka mwisho. Ana hatua 6 za ukuaji. Sehemu kubwa ya jani anailia kwenye hatua ya mwisho, akiwa ameshajichimbia ndani ya bomba la mhindi na kulifunga kwa kinyesi kama vumbi la mbao. Dawa ina maana akiwa hatua ya 1 hadi 3.

#5 MwanaKoko

Watu mnapita haraka kwenye ganda wakati ndilo lenyewe. Ganda ni kitini iliyofumwa na protini, na juu kabisa kuna utando wa nta mwembamba kuliko unywele. Kwa kaa na kamba huongezwa chokaa. Halikui. Mnyama akitaka kukua lazima alitupe. Kujivua gamba, ile ya kweli, siyo ya majukwaani.

Mpangilio ni huu. Homoni ya kujivua hupanda. Ngozi ya ndani hujitenga na ganda kuukuu na kuanza kufuma jipya, laini na lenye makunyanzi, chini yake. Kimiminika kati ya maganda mawili huyeyusha ganda la zamani kwa ndani na sehemu kubwa ya malighafi hurudishwa mwilini. Kisha ganda hupasuka penye mshono wake: panzi mgongoni, kaa kwa nyuma kati ya gamba la mgongo na tumbo. Mnyama anajikokota nje, kaa kwa kinyumenyume, na hatoi miguu tu. Anatoa utando wa matamvua, wa sehemu ya mbele na ya nyuma ya utumbo, na kwa wadudu hata mirija ya hewa. Ukiokota ganda tupu la mende litazame kwenye vitundu vya ubavuni, utaona nyuzi nyeupe zinaning'inia. Ndiyo mirija yenyewe.

Akishatoka anajaza maji au hewa ili anyooshe ganda jipya kabla halijakauka. Hapa ndipo vifo hutokea: hewa kidogo majini, jirani mwenye njaa, au mguu ulionasa.

Wanaonenepesha kaa wa mikoko wanaijua hasara hii. Kaa aliyetoka kujivua anaonekana mkubwa lakini ndani ni maji. Bonyeza kwa kidole gumba upande wa chini, karibu na shina la miguu. Gamba likibonyea, hana nyama, bei itakuwa ya kutupa. Weka kila kaa kwenye chumba chake, lisha samaki taka, na kwa wiki 2 hadi 4 anajaa. Ukiwachanganya, mmoja akijivua usiku asubuhi unakuta gamba na makucha. Anayetaka kaa wa gamba laini afanye kinyume: amtoe ndani ya saa chache baada ya kujivua na kumweka kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, maana madini ya maji ya bahari ndiyo yanayokazia ganda.

Mguu uliokatika huota tena, lakini kwa kujivua tu. Hukatikia mahali palepale pa asili, karibu na shina, ambapo pana kizuizi cha damu. Ukuaji wa kwanza huwa mdogo, unafikia wenzake baada ya kujivua mara kadhaa. Wadudu wazima karibu wote hawajivui tena, kwa hiyo panzi mzima aliyepoteza mguu ndiyo basi.

#6 GhalaKavu

Ule utando wa nta alioutaja MwanaKoko ndio unaoeleza majivu ya bibi kwenye mahindi. Majivu na unga wa diatomaiti haviui kwa sumu. Chembe zake hufyonza na kukwaruza nta, maji ya mwilini yanapotea, na fukusi anakauka. Ndiyo maana haifanyi kazi kwenye mahindi mabichi: maji anayoyapoteza anayapata tena kwenye punje na hewa yenye unyevu.

Mifuko isiyopitisha hewa nayo inaua kwa kiu, jambo ambalo wengi hawalijui. Fukusi na dumuzi hawanywi maji. Sehemu kubwa ya maji yao huyatengeneza mwilini kwa kuchoma chakula, na kuchoma huko kunahitaji oksijeni. Ukifunga mfuko, wao wenyewe huimaliza oksijeni. Ikishuka wanaacha kula, vitundu vyao vya hewa vinabaki wazi, maji yanatoka na mengine hayatengenezwi. Kwa hiyo usifungue mfuko "kuchungulia kidogo" wiki ya kwanza. Umewapa pumzi.

Kabla ya kufunga, unyevu usizidi 13%. Huna mashine? Chupa kavu ya kioo, mahindi hadi theluthi, vijiko 2 au 3 vya chumvi KAVU, funga, tikisa dakika 3, acha dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kioo mahindi yana zaidi ya 15%, rudisha juani. Na pepeta, toa vumbi na punje zilizotobolewa. Dumuzi, aliyetambuliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 akitokea Amerika ya Kati, hutoboa mbao, kwa hiyo plastiki kwake si ukuta wa maana. Mfuko wenye tundu hata la kichwa cha pini ni mfuko wa kawaida.

#7 Pingili

Swali linalorudi kila msimu ni la sabuni. Mdudu hapumui kwa mdomo. Ana vitundu ubavuni vinavyoingiza hewa kwenye mirija inayofika hadi kwenye misuli, damu yake haina kazi kubwa ya kubeba oksijeni. Maji matupu hayaingii kwenye vitundu kwa sababu ya nta. Sabuni huvunja mvutano wa maji na kuharibu nta, ndipo vidukari wanakufa. Usipite mililita 20 kwa lita 1, jaribu majani machache kwanza na ngoja siku 2, usipige jua la mchana. Ikikauka haina kazi, kwa hiyo isiyomgusa mdudu haijamfanya kitu.

Buibui mkubwa na nge hupumua kwa mapafu ya kurasa, yaliyopangwa kama kitabu ndani ya tumbo, na damu yao ina shaba badala ya chuma, kwa hiyo ni ya kibuluu. Buibui pia hana misuli ya kunyoosha baadhi ya maungio makuu ya mguu. Hunyoosha kwa kusukuma damu. Akifa presha inaisha na miguu inajikunja. Sasa mnajua.

Nimalizie jongoo na tandu. Tandu ana jozi 1 ya miguu kwa kila pingili, na kwa tandu mzima idadi ya jozi ni witiri. Haumi kwa mdomo, anachoma kwa jozi ya kwanza ya miguu iliyogeuka makucha yenye sumu. Jongoo (msianze utani wa mtungi) ana jozi 2 kwa pingili nyingi, kwa sababu kila pete unayoiona ni pingili mbili zilizoungana. Kitoto cha jongoo huanza na jozi 3 tu na huongezewa nyingine kila akijivua. Mtu anayehesabu miguu atamwita mdudu! Yule mweusi mkubwa wa pwani yetu, *Archispirostreptus gigas*, hupita sentimita 30. Hana sumu ya kuchoma, ila hutoa maji ya kahawia yanayochafua na kuwasha ngozi. Osha kwa maji na sabuni, mikono isiguse macho.

#8 ChupaNaLebo

Wanaotaka kuwakusanya kwa ajili ya shule au utafiti wa shamba, njia mbili zinatosha kuanza.

Shimo la mtego: kikombe cha plastiki, kifukie hadi mdomo wake uwe sawa na udongo au chini yake milimita 2. Mdomo ukichomoza, mbawakawa wanazunguka pembeni na unakuta kikombe kitupu. Weka maji theluthi, chumvi kidogo kuchelewesha kuoza, na matone 2 ya sabuni isiyo na harufu ili wazame. Funika kwa kigae kilichoinuliwa sentimita 3 na vijiwe, mvua isijaze. Kusanya kila siku ya 2 au 3. Siafu wakipita usiku, mtego wa siku hiyo hauna hesabu.

Faneli ya majani: chupa ya lita 5, kata kitako, igeuze. Ndani weka wavu wa matundu ya milimita 3 hadi 5, juu yake majani makavu ya chini ya miti, unene sentimita 5 hadi 10. Chini weka chombo cha spiriti, juu taa sentimita 20 hadi 30. Wanyama wanakimbia joto na ukavu kwenda chini. Siku 2 hadi 4.

Spiriti iwe 70% hadi 80%. Ukiwa na ya 96%, mililita 73 ongeza maji hadi 100 upate 70%. Badilisha baada ya siku 1, maana maji ya miili yao yanaipunguza nguvu. Lebo iandikwe kwa PENSELI, iwekwe ndani ya chupa: mahali, tarehe, njia, aliyekusanya. Wino wa kalamu huyeyuka na unabaki na chupa ya wanyama wasio na kwao.

#9 Pingili

Sahihisho dogo kwa ChupaNaLebo: taja aina ya taa. LED haina joto, faneli inakaa wiki na hakuna anayeshuka. Inatakiwa balbu ya zamani ya waya, wati 25 hadi 40. Zaidi ya hapo inakausha haraka na wenye ngozi laini wanafia njiani juu ya wavu.

#10 ChupaNaLebo

Kweli mkuu, LED haifai. Na balbu za waya zimeadimika madukani. Asiyeipata atandaze majani kwenye beseni jeupe na achambue kwa mkono na brashi yenye maji, ni polepole lakini inafanya kazi.

Tahadhari ya taa nyingine: mvua zikikolea, taa huvuta yule mbawakawa mwembamba wa rangi ya chungwa na nyeusi, anayeitwa nzi wa Nairobi ingawa si nzi. Mabawa yake magumu ni mafupi, tumbo liko wazi, watu wanamdhania mchwa. Haumi wala hachomi. Ukimponda juu ya ngozi, sumu ya damuni mwake inaleta lengelenge siku 1 au 2 baadaye. Mpulize, usimpige kofi. Ukimponda, osha kwa sabuni papo hapo.

#11 MwanaKoko

Kabla sijatoka, kuna aliyeuliza kama vile vipele vyeupe vigumu vinavyoganda kwenye matumbo ya mashua ni chaza. Hapana, ni gegereka, ndugu wa kamba. Wataalamu wenyewe waliwaweka na chaza hadi mwaka 1830, daktari wa jeshi John Vaughan Thompson alipofuatilia wachanga wao akakuta wanaogelea kwa miguu kama kamba wadogo. Mchanga akipata ubao anajigundisha kwa vipapasio, kichwa chini, anajijengea kuta za chokaa, na maisha yaliyobaki anayamaliza chali akijizolea chakula kwa miguu. Jozi 6. Kitie kipande cha ubao wenye vipele hivyo kwenye glasi ya maji ya bahari, tulia dakika kadhaa, utaiona inatoka na kuingia kama kijiko kwenye uji.